Kauli ya Mkulima: Kazi za Safi Faye katika Sinema ya Mambo Halisi

Safi Faye wa Senegal alifariki dunia mjini Paris tarehe 22 Februari, 2023, akiwa na umri wa miaka 79. Katika tanzia zilizoandikwa juu yake sifa moja ilitangulia nyingine zote: kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika, kusini ya Sahara, aliyetengeneza filamu ndefu ikaonyeshwa katika majumba ya sinema kwa biashara. Sifa hiyo ni haki yake, wala hapana sababu ya kuipunguza. Hata hivyo, sifa ya kutangulia ina upungufu. Humweleza mtu kwa nafasi yake katika safu, ikaiacha kazi yake bila ya kuelezwa. Tena, Thérèse Sita-Bella wa Kamerun alikwisha kutengeneza filamu fupi katika mwaka wa 1963, na Sarah Maldoror, mzaliwa wa Ufaransa, alitoa filamu ndefu juu ya mapambano ya Angola katika mwaka wa 1972. Kwa hiyo neno "wa kwanza" halina budi kufungwa kwa masharti mengi kila litajwapo.

Jambo linalostahili kupimwa ni jingine. Sinema ya mambo halisi, yaani ile inayowapiga picha watu katika maisha na kazi zao za kila siku, iliingia Afrika na desturi moja: picha ilikuwa ya Mwafrika, maneno yalikuwa ya mgeni. Mtazamaji aliona midomo ya watu ikicheza, lakini sauti aliyoisikia ilikuwa ya mtu mwingine aliyeketi katika chumba cha mbali, akifasiri ngoma, mazishi na mavuno kwa lugha ambayo wenye ngoma na mazishi na mavuno hawakuijua. Kazi za Safi Faye zaweza kusomwa kuwa ni jitihada ndefu ya kuirudisha kauli kwa mwenyewe. Makala haya yanakusudia kuonyesha wapi alifaulu na wapi alikwama, na kwa nini hata pale alipokwama ana la kuwafunza watu wa taaluma ya lugha.

Alizaliwa Dakar mwaka wa 1943, katika ukoo wa Waserer ambao asili yao ni kijiji cha Fad'jal, upande wa kusini wa mji huo. Alisomea ualimu katika chuo cha Rufisque, akafundisha shule za Dakar kwa miaka kadha. Mwaka wa 1966, Dakar ilipokuwa mwenyeji wa Tamasha la Dunia la Sanaa za Watu Weusi, alikutana na Jean Rouch, Mfaransa aliyekuwa mtaalamu wa ethnolojia na mtengenezaji wa filamu mwenye jina kubwa. Baada ya hapo alicheza katika filamu ya Rouch iitwayo Petit à petit. Katika miaka ya 1970 alikuwa Paris akisoma mambo mawili kwa pamoja: ethnolojia, na ufundi wa sinema katika chuo cha Louis Lumière. Mwaka wa 1979 alipata shahada ya udaktari katika ethnolojia.

Mchanganyiko huu wa elimu haukuwa jambo dogo. Mwaka wa 1965 Ousmane Sembène, mwandishi na mtengenezaji filamu wa Senegal, alimkabili Rouch uso kwa uso akamlaumu kuwa anawatazama Waafrika kama watu watazamavyo wadudu. Lawama hiyo imenakiliwa mara nyingi, na yeyote aliyetaka kushika kamera kwa mkono wa elimu ya ethnolojia ilimpasa kuijibu. Safi Faye hakuijibu kwa hoja. Filamu yake ya kwanza, La Passante, ya mwaka wa 1972, yenye urefu wa dakika kama kumi, ni juu ya mwanamke wa Kiafrika apitaye katika mitaa ya Paris huku akitazamwa na wanaume wawili, mmoja Mfaransa na mmoja Mwafrika. Kila mmoja anamwona kwa namna atakavyo. Mwanamke huyo ni Safi Faye mwenyewe. Kabla ya kuwatazama wengine, basi, alianza kwa kukaa mahali pa mtazamwaji, akaonyesha kuwa macho hayaokoti tu kitu kilichoko, huja na mzigo wake.

Filamu iliyomjengea jina ni Kaddu Beykat ya mwaka wa 1975. Yafaa kulitazama kwanza jina lenyewe. Ni maneno ya Kiwolof, ingawa kijiji ni cha Waserer. Kaddu ni neno, usemi au kauli. Beykat limetokana na bey, maana yake kulima, pamoja na kiishio -kat kinachounda jina la mtenda, kama vile Kiswahili kipatavyo mkulima kutokana na kulima. Tafsiri yake iliyo karibu kabisa kwa Kiswahili ni Kauli ya Mkulima. Lakini filamu hiyo hiyo ina jina la pili, la Kifaransa, Lettre paysanne, nalo lina maana ya barua ya mkulima. Jina moja linataja kitu kisemwacho na la pili linataja kitu kiandikwacho. Tofauti hii huenda ikaonekana kuwa ni ya wafasiri tu. Kwa kweli filamu nzima imejengwa juu ya tofauti hiyo.

Habari yake ni nyepesi. Kijana aitwaye Ngor anataka kumwoa Coumba. Mvua zimepungua, karanga hazikuzaa, na mahari hayapatikani. Ngor anakwenda Dakar kutafuta fedha, anatumikishwa kwa ujira duni, na mwisho anarudi kijijini kuwasimulia wenzake aliyoyaona. Habari hii imetungwa, na waliocheza ni wanakijiji wenyewe, lakini imechukua sehemu ndogo ya filamu. Ni kama uzi upitao katika ushanga. Ushanga wenyewe ni kazi za siku: kutwanga, kuteka maji, kupalilia, kupika, na zaidi ya yote mazungumzo ya wanaume chini ya mti wa baraza.

Wazungumzayo ni karanga. Kilimo cha zao hili kilienezwa Senegal chini ya utawala wa Ufaransa tangu karne ya kumi na tisa, hata nchi ikawa inategemea kitu kimoja kwa mapato yake. Baada ya uhuru wa mwaka wa 1960 mpango huo haukuvunjwa. Mwaka wa 1966 serikali iliunda shirika lililoitwa ONCAD, ambalo lilimkopesha mkulima mbegu, mbolea na zana kwa njia ya vyama vya ushirika, kisha likawa ndilo mnunuzi wa mazao yake. Mvua ziliponyesha vizuri, deni lilikatwa katika malipo. Ziliposhindwa, kama zilivyoshindwa mara kwa mara tangu mwisho wa miaka ya 1960 hata mwaka wa 1973, karanga zilikosekana na deni likabaki. Mkulima aliyeacha mtama wake ili apande zao la kuuza alijikuta hana chakula, hana fedha, na bado anadaiwa. Shirika hilo lilivunjwa mwaka wa 1980.

Ubora wa Kaddu Beykat ni kwamba mambo haya hayakuelezwa na mtaalamu. Yanasemwa na wanaodaiwa. Kamera imewekwa mahali ambapo mgeni aliyekaribishwa angeketi, nayo hukaa hapo muda mrefu. Mzee akinyamaza kabla ya kujibu, kimya chake hakikatwi. Wawili wakisema kwa pamoja, wanaachwa waseme kwa pamoja, kama ilivyo desturi ya baraza lolote. Mtazamaji aliyezoea filamu za haraka huenda akachoka, lakini uchovu huo ni sehemu ya hoja: kauli ya mkulima ina mwendo wake, na anayeikata ili impendeze msikilizaji wa mbali amekwisha kuigeuza. Serikali ya Senegal iliuelewa uzito wa kauli hiyo, maana filamu ilikatazwa kuonyeshwa nchini. Huko nje ilipata tuzo ya Georges Sadoul nchini Ufaransa, na katika tamasha la Berlin la mwaka wa 1976 ikapewa tuzo ya Shirikisho la Kimataifa la Wahakiki wa Sinema.

Sasa yafaa kuitaja kasoro yake, kwa kuwa ni kasoro yenye mafunzo. Juu ya picha na mazungumzo hayo imewekwa sauti ya barua. Barua hiyo inatoka kijijini kwenda kwa rafiki. Inafungua kwa salamu na kuuliza hali, kama afanyavyo kila mtu wa Afrika aandikapo kwa aliye mbali, na msomaji wa Kiswahili hatakosa kuutambua mtindo huo mara moja. Anayeisoma ni Safi Faye. Anaisoma kwa Kifaransa. Hivyo filamu iliyojiita kauli ya mkulima inamfikia mtazamaji kwa lugha ambayo wakulima wengi wa kijiji hicho hawakuisoma wala kuisema, na desturi ile ya zamani, picha ya mmoja na maneno ya mwingine, inarudi kwa mlango wa nyuma.

Kwa kumtetea yaweza kusemwa kwamba filamu ilitengenezwa kwa fedha chache, zikiwemo za Wizara ya Ushirikiano ya Ufaransa, na kwamba bila ya Kifaransa isingalipata watazamaji Paris wala Berlin. Utetezi huo ni wa kweli, lakini ni wa kibiashara. Uko utetezi ulio bora zaidi, nao umo ndani ya umbo la barua lenyewe. Katika vijiji ambamo wajuao kuandika walikuwa wachache, mtoto aliyekwenda shule ndiye aliyewaandikia wazee barua zao. Mzee husema kwa lugha yake, mtoto huandika kwa lugha aliyofundishwa shuleni, na barua hutoka ikiwa na kauli ya mmoja na mkono wa mwingine. Wala hapana mtu aliyedhani kuwa barua ni ya mtoto. Safi Faye amejiweka katika nafasi hiyo ya mjukuu mwenye kalamu. Tena babu yake mwenyewe ni mmoja wa wanaoonekana katika filamu, naye alifariki siku kumi na moja baada ya kazi ya kupiga picha kumalizika. Anayejua habari hiyo huisikia barua kwa sikio jingine.

Hata hivyo utetezi huu haumalizi ubishi. Mjukuu mwandishi aweza kuwa mwaminifu, na bado mzee asijue kilichoandikwa. Amana hiyo haina shahidi. Yaelekea Safi Faye mwenyewe hakuridhika, kwa maana filamu yake ndefu ya pili, Fad'jal, iliyotolewa mwaka wa 1979 na kuonyeshwa Cannes, inaanza mahali pale pale ambapo ile ya kwanza ilikwama.

Mwanzoni mwa Fad'jal watoto wako darasani. Wanakariri kwa Kifaransa habari za Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa, sentensi kwa sentensi, kwa sauti ile ile moja ambayo kila aliyepita katika shule ya kikoloni anaijua. Hapana maelezo yanayoongezwa, wala hapana haja ya maelezo. Baadaye watoto hao wanaonekana wameketi mbele ya mzee chini ya mti, naye anawasimulia kwa Kiserer jinsi kijiji kilivyoanzishwa, tena na mwanamke, Mbang Fadial, ambaye kijiji kimechukua jina lake. Watoto wanauliza, mzee anajibu, na wakati mwingine wanakijiji wanayaigiza mbele ya kamera yale anayoyasimulia. Filamu imeutaja pia usemi mashuhuri wa Amadou Hampâté Bâ wa Mali, unaomlinganisha mzee afaye na maktaba iliyoungua. Usemi huo umechakaa kwa kutumiwa ovyo katika hotuba. Hapa umepata kazi, kwa sababu filamu inaonyesha jinsi maktaba hiyo inavyosomwa: kwa maswali ya mtoto, katika lugha ya nyumbani, mbele ya wengine wawezao kumsahihisha msimulizi.

Faida yake haikuwa ya kujifurahisha kwa mambo ya kale. Sheria ya Senegal ya tarehe 17 Juni, 1964, iliiweka sehemu kubwa kabisa ya ardhi ya nchi, ile isiyoandikishwa kwa hati, chini ya mamlaka ya dola. Mbele ya sheria kama hiyo, kijiji kisicho na karatasi hakina ushahidi ila masimulizi. Nani aliufyeka msitu, nani alikuja baada yake, mpaka uko wapi, nani amezikwa wapi: hayo ndiyo hati ya Fad'jal. Wazee wanapobishana juu ya ardhi katika filamu, mtazamaji anafahamu kwa nini hadithi ya Mbang Fadial imesimuliwa kwa urefu namna ile. Historia iliyosemwa chini ya mti ni hoja ya madai ya haki. Hapa Safi Faye amelifikia jambo ambalo Kaddu Beykat ililitafuta, kwa kuwa maneno yenye uzito yamesemwa na wenyewe, kwa lugha yao, na Kifaransa kimepewa nafasi yake halisi, nafasi ya somo la kukariri.

Selbé et tant d'autres, filamu ya nusu saa iliyotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika mpango uliofadhiliwa na UNICEF, huhesabiwa na wengi kuwa ni kazi ndogo. Hesabu hiyo si sahihi. Ikiwekwa kando ya Kaddu Beykat inakuwa nusu yake ya pili. Katika ile, mwanamume aliondoka kijijini na kamera ikaenda naye mjini. Katika hii, mwanamume ameondoka na kamera imebaki na mkewe. Selbé ni mama wa watoto wanane. Anavua, anauza, anabeba, anapika, anadaiwa, na mume arudipo anaketi. Safi Faye anazungumza naye kama jirani aliyemkuta kazini, na Selbé anajibu mikono yake ikiendelea na shughuli. Ndani ya majibu yake mna uchungu na mna mzaha, tena mara nyingi katika sentensi moja. Kwa bahati mbaya, nakala iliyotembea sana ng'ambo ina sauti ya mfasiri iliyowekwa juu ya sauti ya Selbé, na mzaha ndio unaopotea kwanza. Kile ambacho mtengenezaji alikifanyia kazi kwa miaka kumi kiliweza kufutwa na wasambazaji kwa siku moja.

Wako wahakiki waliosema kwamba kazi zake si sinema ya mambo halisi kwa haki, kwa sababu amechanganya habari za kutunga na habari za kweli. Lawama hii inatokana na mgawanyo usiokuwa wa kijijini. Mzee anapousimulia mwanzo wa ukoo wake hasemi kwanza kama anatoa historia au hadithi. Anasema lililopokewa, na wasikilizaji wanalipima kwa manufaa yake na kwa ukweli wake pamoja. Swali lenye haki kwa filamu za aina hii ni kama wenye maisha hayo wanajitambua ndani yake. Wanakijiji waliokubali kuigiza deni lao wenyewe na mahari yao wenyewe walitoa jibu lao kwa vitendo.

Mossane, filamu yake ya mwisho, yapaswa kupimwa kwa mizani nyingine, kwa kuwa ni ya kutunga waziwazi. Ni habari ya msichana wa miaka kumi na minne, mwenye uzuri unaowatisha watu, aliyeposwa na mtu afanyaye kazi Ufaransa ilhali moyo wake uko kwa mwanafunzi maskini. Siku ya arusi anakataa mbele ya watu wote. Filamu ilipigwa picha mwaka wa 1990, lakini ugomvi wa kisheria juu ya haki zake uliichelewesha, hata ikaonekana Cannes mwaka wa 1996. Picha zake ni nzuri, tena nzuri kupita zote alizopata kuzitoa, na nyimbo za Yandé Codou Sène, manju mkuu wa Waserer, zinaibeba kuliko mazungumzo. Lakini kitu fulani kimepungua. Wachezaji wanasema maneno yaliyokwisha kuandikwa, na lile baraza ambamo mtu aweza kusema asilotarajiwa halipo tena. Kukataa kwa Mossane kunasisimua. Kulalamika kwa Selbé kunabaki.

Hapana budi kutaja pia kilichoikatiza kazi hii. Miaka sita ilipotea katika ugomvi wa filamu moja, na kwa muda wa maisha yake yote yaliyofuata Safi Faye hakutoa filamu nyingine ndefu. Filamu iliyokatazwa nyumbani ilitunzwa ughaibuni. Fad'jal ilipotengenezwa upya na kuonyeshwa tena mwaka wa 2018, ilikuwa Cannes, katika orodha ya filamu za kale zenye heshima. Hayo ni mapato ya haki kwa msanii. Lakini wakulima ambao kauli yao ndiyo jina la filamu wana dai la kwanza juu yake, na dai hilo halilipwi kwa tuzo za Berlin na Paris.

Kwa wanaokusanya maneno ya wazee katika vijiji vya Afrika, kazi hizi zina mafunzo yaliyo wazi. Chombo cha kunasa sauti hakimpi mtu kauli. Chaweza hata kumpokonya. Hesabu iliyo muhimu ni nani ameketi wapi, swali limeulizwa kwa lugha gani, kimya cha msimulizi kimeachwa au kimekatwa, na tafsiri imewekwa chini ya sauti yake au juu yake. Safi Faye aliingia Fad'jal na shahada ya ethnolojia, akaketi na watoto chini ya mti. Katika mandhari ile mzee anasema kwa Kiserer, na wasiokijua Kiserer ndio wanaongoja tafsiri.